Barua kwa mwanangu: huyo Rhett wenu mie simtaki

Mwanangu,

Vois yako nimeisikiliza yote, na huyo mwenzio wa chumba anayepiga kelele kwa nyuma nae nimemsikia, hongereni kwa kukimaliza, kitabu cha kurasa elfu na zaidi si mchezo na mitihani yenyewe ndo hiyo iko mlangoni. Nimeona nikuandikie manake kwa simu hunipi nafasi, nikianza tu "mama subiri kwanza", sasa leo utasubiri wewe.

Kama nimekuelewa, Gone with the Wind, ile riwaya ya Kusini mwa Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mmeisoma chumba kizima na mmekubaliana kwamba Scarlett O'Hara ni mbaya, mchoyo, mjeuri, mama asiyefaa, hajui kupendwa, na Rhett Butler ndo mwanaume, kaonewa, kachelewa kuondoka. Wote mmekubali kasoro mmoja. Huyo mmoja nisalimie sana.

Sio nyie tu lakini, hayo mabishano ni ya zamani. Kitabu kilitoka Juni 1936, Margaret Mitchell wa Atlanta hukohuko, dola 3 wakati uchumi wa Marekani umelala chini na watu hawana kazi, na kabla mwaka haujaisha nakala milioni zishauzwa. Afu barua zikaanza kummiminikia, na swali kubwa moja tu, manake mwisho wa kitabu Rhett anamwacha Scarlett mkewe, je atarudi? Nae anawajibu hajui. Mpaka gari linamgonga 1949 akivuka barabara kwenda sinema hakuwahi kusema, na muendelezo hakuandika. Warithi wake ndo baadae wakamruhusu mwandishi mwingine, Alexandra Ripley, akatoa muendelezo 1991 na humo wakarudiana, sijui nani alifurahi, mie sikufika nao mbali. Cha kuchekesha Mitchell mwenyewe alikuwa akisema mwanamke shujaa wa kweli humo ndani ni Melanie, yule wifi yake Scarlett mpole, na alishangaa sana kuona watu wamemgeuza Scarlett kipenzi cha taifa wakati yeye alikusudia kumchora mwanamke wa kutoigwa. Kwahiyo wasomaji hata mwandishi hawakumsikiliza, mimi mtanisikiliza kweli?

Haya tuanze na huyo mwanamke wenu mbaya. Sibishi. Mchumba wa mdogo wake kamchukua kwa uongo mtupu, kamwambia Frank kwamba Suellen anaolewa na mwingine, na sababu ni dola 300 za kodi ya shamba. Prissy, kijakazi wao, kamzaba kofi. Kwenye kiwanda cha mbao kaajiri wafungwa kwa bei ya kutupa, wanakufa njaa na kuchapwa na yule msimamizi, yeye anajua na anageuza uso. Mwanae wa kwanza, Wade, anamuogopa mamake kama anaogopa askari. Na miaka yote hiyo anamtamani mume wa Melanie, Melanie ambae alikuwa tayari kumwaga damu kwa ajili yake. Hayo yote yapo, mmesoma vizuri.

Sasa hebu njoo kwa stelingi. Kabla kitabu hakijaanza kashamwua kaka wa msichana mmoja huko Charleston, alitoka nae matembezini wakachelewa kurudi, akagoma kumuoa, kaka mtu akadai heshima ya dada yake, akapigwa risasi. Vita vimekuja akajenga utajiri kwa kupitisha magendo na kuhodhi vyakula, watu wa Atlanta wananunua unga kwa bei ya dhahabu. Usiku mji unaungua, 1864, Scarlett yuko kwenye mkokoteni na Melanie aliyetoka kujifungua, kichanga, mtoto wake mwenyewe, Prissy anayelia, farasi karibu anakufa, Rhett kawasindikiza mpaka nje ya mji halafu katikati ya giza ndo anakumbuka kwamba anataka kwenda kuwa askari, upande unaoshindwa tena. Busu, kwaheri, kaenda. Mie hapo nilikifunga kitabu nikaenda kupika.

Afu kuna ile ambayo kati yenu hakuna aliyeitaja, na ndo hasa imenifanya nikae niandike. Rhett alifungwa na jeshi la Kaskazini kwa nini? Mnakumbuka gauni la mapazia ya kijani, mnakumbuka mikono ya Scarlett yenye malengelenge, mnakumbuka alivyomkatalia zile hela. Kosa lenyewe hamlikumbuki. Alishtakiwa kumuua mtu mweusi. Na alipotoka akaja kumwambia Scarlett kwa mdomo wake kwamba ndiyo, alimuua, yule mtu alimkosea adabu bibi mmoja wa kizungu, sasa muungwana wa Kusini angefanya nini. Akaongezea hapohapo kwamba kuna na askari mmoja wa farasi alimpiga risasi baada ya ugomvi wa baa, na kwakuwa hilo hakushtakiwa labda kuna maskini mwingine kanyongwa badala yake. Mistari michache tu, anaongea kama mtu anayesimulia alivyopoteza mwavuli, na stori inaendelea. Jina la marehemu halipo. Nyie wasichana watano weusi mmekaa kwenye kitanda kimoja Dodoma mnamlilia huyo huyo.

Sikusuti, usinune. Nimejiuliza sana kwanini inakuwa hivo manake nakujua, wewe sio mtu wa kutoona mambo. Jibu nililolipata ni hili. Karibu kitabu chote tumekaa kichwani mwa Scarlett. Kila akiwaza kitu kibaya tunakisikia kabla hajakificha, akimuonea wivu mtu tunajua, akilia kwa uongo tunajua ni uongo, hata akiwa kanisani anawaza magauni tunamsikia. Nani kati yetu angesalimika akisikilizwa namna hiyo? Mie mwenyewe kwenye misiba kuna ninayoyawaza sitaki hata paka ayajue. Rhett hatuingii kichwani mwake hata siku moja. Tunamwona kwa nje, kasimama mlangoni, kacheka, kainua nyusi, kaondoka. Anachowaza hatuambiwi mpaka kurasa za mwisho, na anaeleza mwenyewe, kwa namna anayotaka yeye. Basi ile nafasi tupu kila msichana anaijaza na mwanaume anayemtaka. Sio Rhett mnaempenda, mnapenda mlichomjazia.

Na ndo maana hata lile la ngazi mmelipita. Nalisema waziwazi manake wewe ni mtu mzima sasa. Usiku ule Rhett kalewa, kamkalisha mkewe mezani, kamshika kichwa kwa mikono miwili akamwambia anaweza kukibonyeza kikapasuka kama kokwa, halafu akambeba juu gizani huku anakataa. Asubuhi mwandishi anatuonyesha Scarlett anatabasamu kitandani, na wasomaji tangu enzi hizo mpaka leo wamegawanyika, wengine wanasema hiyo ndo sehemu tamu kuliko zote, wengine wanasema huo ni ubakaji na tabasamu kalibandika mwandishi. Mie niko na hao wa pili. Akija kijana nyumbani hapa kuposa na nikasikia aliwahi kumshika mtu kichwa hivo, hata chai hapati. Na usisahau kilichofuata, Scarlett ana mimba, wamesimama juu ya ngazi hizohizo, anamwambia achangamke tu pengine itatoka, Scarlett anamrukia kwa hasira, anaanguka, inatoka kweli.

Nimpe Rhett haki yake pia. Alilia mimba ilipotoka, alilia kama mtoto mbele ya Melanie. Wade alimlea kuliko mamake alivyomlea. Bonnie, binti yao, alimpenda mpaka kupitiliza, na farasi yule aliyemwangusha akafa alimnunulia yeye. Na kwenye ile karamu ya mwanzo, vijana wote wanashangilia vita, yeye peke yake aliuliza viwanda vya mizinga viko wapi huku Kusini. Akili anayo. Utani wake mie hunichekesha mpaka leo, na mazungumzo yao wawili hao hakuna wa kuyafikia. Lakini yeye alipoanza kumtaka alikuwa mtu mzima wa miaka 33 na Scarlett ana 16, nendeni mkafanye hesabu hiyo upya mkiwa mmetulia.

Afu turudi kwenye gauni la mapazia manake hapo mie ni kazi yangu. Kila mtu anasema oh Scarlett mbunifu, kang'oa mapazia kajishonea gauni kaenda mjini. Kajishonea wapi? Mahameli ya pazia la zamani, nzito vile, imefifia na jua upande mmoja, ukikosea kukata nyuzi zinakulala vibaya gauni zima linaonekana rangi mbili, hiyo sio kazi ya msichana aliyekuwa hajui hata kupika chai. Scarlett alimwita Mammy, yaya wake aliyekuwa mtumwa wao, alete sanduku la patani. Mammy ndo aliyeongoza kazi, na wenzie wakasaidia, halafu akasafiri nae mpaka Atlanta, kachoka, kazeeka, kwa miguu kwenye matope, ili msichana asiende peke yake. Miaka yote hiyo, kurasa elfu, jina lake hatulijui. Mammy basi. Kama aliwahi kuwa na mume, kama aliwahi kuzaa, kama watoto wake waliuzwa, kichwani mwake hatukuingizwa na kwa nje hakuachiwa nafasi ya kujazwa na ndoto ya mtu. Ndo maana mkikaa kupiga kura nani mzuri nani mbaya, hata kwenye karatasi hayumo.

Wako walioliona hilo mapema kuliko mie. Malcolm X, yule mpigania haki za Weusi wa Marekani, kasimulia kwamba aliiona filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu hiki akiwa kijana, Mweusi peke yake ukumbini, na Prissy alipoanza vituko vyake akatamani kuingia chini ya zulia. Hattie McDaniel aliyeigiza Mammy alipata Oskari mwaka 1940, Mweusi wa kwanza kuipata, lakini Desemba 1939 filamu ilipozinduliwa Atlanta hakuhudhuria, sheria za huko hazikuruhusu akae pamoja na wenzie wazungu. Na 2001 mwandishi Mmarekani mweusi, Alice Randall, akaandika The Wind Done Gone, stori ileile ila kichwani mwa Cynara, binti wa Mammy na baba yake Scarlett, yaani dada yake Scarlett wa baba mmoja, aliyezaliwa utumwani. Warithi wa Mitchell wakaenda mahakamani kukizuia, mwisho kikaruhusiwa. Humo Scarlett hata jina hana, anaitwa Mwingine. Kitafuteni, kifupi, mtakimaliza wikendi moja.

Na usinambie hayo ni ya Wamarekani. Pamba iliyomfanya baba yake Scarlett awe tajiri ndo pamba ya aina ileile iliyokuwa inapelekwa viwanda vya kaskazini, Massachusetts, ikafumwa, ikapakiwa majahazi makubwa ya Salem ikaja Unguja kama merikani, nguo aliyovaa bibi yake bibi yangu. Vita vyao vilipoanza 1861 merikani ikaadimika huku na wafanyabiashara wakahamia nguo za Waingereza na Wahindi. Hadithi yao inaisha 1873, Scarlett kaachwa mlangoni, na mwaka huohuo ndo Sayyid Barghash anatia saini kufunga soko la watumwa Unguja. Na sisi tuna hadithi zetu za mapenzi za majumba ya mawe, bwana kijana na bibi arusi na karafuu zinanukia, kila mtu anazipenda, na mchuma karafuu nae jina hana. Siku nyingine nitakwandikia hilo, leo mkono umechoka.

Umeniuliza Rhett alirudi au hakurudi. Mie nasema hakurudi, na ahsante. Ana miaka 45, kachoka, anataka kwenda Charleston kwa watu waliomfukuza ujanani. Scarlett ana 28. Nyumba anayo, duka analo, shamba analo, kusoma mahesabu anajua kuliko wanaume wote wa mji ule. Kasoro moja tu, Melanie amekufa, na huyo ndo aliyempenda kweli na hakumjua mpaka siku ya kufa. Ningekuwa mie ndo Mitchell ningetaka niandikiwe barua za kuuliza hilo.

Hela ya nauli nimetuma kwa namba ileile, ya kutolea nimeongeza. Lile gauni lako la mahafali nimeshalikata, nipe kipimo cha kiuno upya manake hicho ulichonipa sikiamini, na mwambie huyo mwenzio anayepiga kelele nae anitumie vya kwake.

Mama yako
Tanga