Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Ubelgiji, Vita vya 1914 na Boma Lisilo na Paa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu, wazee wetu wa mwambao, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mgeni wetu, kwa kuacha kazi zako nyingi na kufunga safari hadi hapa kando ya Ziwa Tanganyika.

Klabu yetu ilianza mwaka 2017 ikiwa na wanachama 11 na daftari moja, na leo ina wanachama 73. Tumeshinda mdahalo wa tarafa mara mbili, tumechora ukutani ramani ya ziwa ambayo walimu wa shule jirani huja kuitumia, na tumewahoji wazee 41 wa vijiji vya mwambao, kazi ambayo tunathubutu kusema ni ya kupigiwa mfano katika mkoa mzima wa Kigoma. Mengine tunayaacha ili tufike kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mada yetu ya mwaka huu iliuliza nchi iliyojifunga kutoegemea upande wowote huingiaje katika vita vya dunia. Tulichagua Ubelgiji kwa sababu vita vyake vilifika hapa tulipoketi. Kwa Mkataba wa London wa tarehe 19 Aprili 1839, mataifa makubwa ya Ulaya, ikiwemo Prussia iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani, yalidhamini kwamba Ubelgiji haitaguswa. Lakini Wafaransa walikuwa wamejenga ngome imara kwenye mpaka wao na Ujerumani, na majenerali wa Ujerumani wakapanga kuzizunguka kwa kupita Ubelgiji. Jioni ya tarehe 2 Agosti 1914 walidai njia, wakatoa saa 12 tu za kujibu. Baadhi yetu walisema Ubelgiji ingewapisha na kubaki salama. Tulibishana jambo hili kwa vipindi vitatu, tukaridhika kwamba anayempisha mmoja kwenda kumpiga mwingine ameshachagua upande. Ubelgiji ilikataa, ikavamiwa tarehe 4 Agosti, na usiku huohuo Uingereza, mmoja wa wadhamini, ikaingia vitani. Chansela wa Ujerumani, Bethmann Hollweg, alimlalamikia balozi wa Uingereza kwamba Uingereza inapigana kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Karatasi ya pili ilituhusu sisi. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliyapa mataifa yaliyotawala bonde la Kongo, na nchi za jirani zilizotajwa pamoja nalo, koloni hili la Ujerumani likiwa mojawapo, nafasi ya kuziweka nje ya vita vya Ulaya. Ubelgiji ilijaribu kuitumia nafasi hiyo kwa ajili ya Kongo, na gavana wa Kijerumani wa koloni hili, Schnee, naye alitamani iwe hivyo upande huu. Haikufaa kitu. Tarehe 8 Agosti meli ya kivita ya Uingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam, na tarehe 22 Agosti meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ikaishambulia bandari ya Lukuga, ng'ambo ya ziwa letu, palipo Kalemie ya leo. Mwezi haukwisha kabla serikali ya Ubelgiji haijaliruhusu jeshi lake la Kongo kupigana pamoja na Waingereza. Julai 1916 jeshi hilo liliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba likaitwaa Tabora. Wabelgiji walikaa hapa hadi 1921.

Watu wa pande zote mbili za ziwa hawakutia sahihi karatasi yoyote kati ya hizo, wala hawakuulizwa. Wao walibebeshwa mizigo. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni 1, na waliokufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko risasi, wanakadiriwa kuwa 95,000. Katika kitabu chetu cha kiada habari hiyo ina sentensi mbili. Katika madaftari yetu ina kurasa 600, kwa maneno ya wajukuu na vitukuu wa waliobeba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madaftari hayo yanaoza. Yamehifadhiwa katika stoo ya vifaa vya michezo, ambayo paa lake linavuja. Masika iliyopita madaftari tisa yalilowa hata maandishi hayasomeki, na wazee wawili waliokuwa wamesimulia humo wamekwishafariki. Maneno yao hatutayapata tena.

Wazazi wetu, kwa nguvu zao wenyewe, walijenga boma la chumba cha kumbukumbu hadi usawa wa lenta. Huu ni mwaka wa tano boma hilo linanyeshewa, na matofali ya juu yameanza kumomonyoka. Mgeni rasmi wa kwanza aliyesimama hapo ulipo alituahidi mabati, tukampigia makofi mengi. Wa pili aliiandika ahadi hiyo katika kitabu chetu cha wageni na kuweka sahihi yake. Wa tatu alituma watu wakapima kuta, wakaondoka na vipimo. Majina yao hatuyataji, wala hatukusudii kumvunjia mtu heshima, na tunaamini walikuwa na nia njema. Lakini wanachama wetu wamejifunza kwamba vita vikubwa vilifika hadi kijijini kwao baada ya sahihi kudharauliwa, nao hutuuliza kila mwaka kuhusu sahihi iliyo katika ukurasa wa 12 wa kitabu hicho. Sisi viongozi wa klabu hatuna jibu la kuwapa.

Tunaomba mabati 60 ya geji 28, mbao za kenchi, misumari, mlango mmoja, madirisha manne na makabati mawili ya chuma. Fundi amekisia Shilingi 5,800,000 pamoja na ufundi. Wazazi wamekwishachanga 1,350,000, na wameahidi kubeba mbao na maji bila malipo. Kinachopungua ni Shilingi 4,450,000.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba pia utupe tarehe, kwa kuwa mvua za vuli ziko karibu. Na kama ombi hili lipo nje ya uwezo wako, tunakusihi utuambie leo hii mbele ya wazazi, ili wapange namna nyingine mapema, na shukrani zetu kwako hazitapungua.

Baada ya chakula tunakuomba utembee nasi hadi kwenye boma. Mzee mmoja, ambaye babu yake alichukuliwa upagazi na hakurudi, anakusubiri hapo akusimulie mwenyewe, kwa sababu daftari lenye simulizi yake ni mojawapo ya yale tisa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Historia.