Wenye pikipiki kuukuu tunahitaji vipimo

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa vyombo vya moto, iliyowaonya wenye pikipiki za zamani wasiguse chochote zaidi ya kujaza mafuta na kuosha, imeniudhi, nami naomba nafasi ya kuijibu. Mimi ni mama mshonaji wa nguo. Chombo changu ni Honda CG125 ya matoleo ya mwanzo, yale yenye platini (vidude vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche), na nimekuwa nayo tangu mwanangu mkubwa hajaanza shule. Leo ananizidi kimo. Oili, tapeti, platini, plagi, cheni, breki na kabureta nazishughulikia mwenyewe. Sina cheti cha umakanika. Nina kitabu cha mtengenezaji, bisibisi zinazofaa na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Mwandishi wenu anasema mashine hizi zimetengenezwa kwa ajili ya watu waliosomea. Basi na asome jinsi hiyo CG125 ilivyozaliwa. Kabla ya kuitoa mwaka 1976, Honda walikwenda kuangalia jinsi pikipiki zao ndogo zilivyokuwa zikitumika katika nchi ambako chombo kinabebeshwa mizigo mizito na oili inakaa mpaka igeuke lami. Injini zao za wakati huo zilikuwa na kamshafti, mti unaozunguka na kufungua valvu, juu kwenye kichwa cha silinda, na kamshafti ya namna hiyo haivumilii oili chafu. Wahandisi wakairudisha chini, na valvu zikawa zinafunguliwa kwa vijiti vinavyosukuma roka, mikono midogo inayobonyeza valvu, kutoka chini. Ulikuwa mtindo wa zamani, wakauchagua makusudi. Waliokaa mezani kuichora mashine ile walimfikiria mwenye pikipiki aliye mbali na karakana.

Sina ugomvi na mafundi. Ugomvi wangu ni na kukisia, awe anayekisia ni fundi au ni mwenye chombo. Pikipiki nyingi za umri huu nilizoziona zimelazwa chini ya turubai zingeweza kuwa barabarani, lakini mtu alizifungua na kuzifunga bila kupima kitu.

Chukueni tapeti, skrubu ndogo za kurekebisha nafasi ya valvu, maana hapo ndipo injini nyingi zinapoharibiwa kwa nia njema. Injini baridi ikigonga kidogo juu, mwenyewe anaona aibu, anataka itulie. Anayemhudumia anakaza skrubu ya tapeti mpaka kelele iishe kabisa, kila mtu anafurahi. Kumbe ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu ndiyo inayoiruhusu valvu ifunge barabara. Valvu ya ekzosi inapigwa na gesi yenye moto mkali, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa kwenye kiti chake na kuachia joto lipite humo. Isipokaa vizuri, inaungua ukingoni. Kadiri valvu na kiti vinavyolika, nafasi hiyo nayo inapungua yenyewe, kimyakimya. Kwa hiyo injini ya zamani iliyonyamaza mno inanitia wasiwasi kuliko inayogongagonga.

Kipimo cha CG125 ni milimita 0.08, valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Baridi ya kweli: mimi huigusa asubuhi, kabla ya safari yoyote. Natoa plagi ili izunguke kwa wepesi, nafungua kava la magneti, nazungusha magneti kwa spana kinyume cha saa mpaka herufi T iliyo juu yake, inayoonyesha pistoni imefika juu, ilingane na alama. Kisha nashika roka kwa vidole. Zote mbili zikicheza kidogo, nipo mahali penyewe. Kama moja imebana, nazungusha mzunguko mzima tena, maana T inapita mara mbili na mara moja tu ndiyo valvu zote zimefunga. Naingiza bati la 0.08. Linatakiwa lipite kwa kuburuzwa, kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani ulioshushwa nusu. Likiteleza bila upinzani nafasi ni kubwa, likigoma ni ndogo. Nalegeza nati, nageuza skrubu, naishikilia skrubu isiondoke wakati nakaza nati, halafu napima upya, kwa sababu nati inapokazwa mara nyingi huivuta skrubu nayo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa. Kazi yote haimalizi asubuhi.

Hapo kuna nini cha kumshinda msomaji wenu? Macho, vidole, na namba moja. Namba hiyo ndiyo anayoikosa, na makala yenu haikuitaja.

Nitaje na kisa cha kabureta, kwa kuwa kilinifundisha kutokubali hukumu isiyo na kipimo. Kulikuwa na kipindi pikipiki yangu ilikubali kuwaka kwa choki tu. Ukirudisha choki, inazima. Ukiishikilia kwa mafuta mengi inakwenda vizuri sana, hata mlima inapanda. Ukiachia mkono, kimya. Karakana niliyoipeleka, sitaitaja, ilisikiliza kwa dakika chache na kuniambia ringi zimekwisha, silinda ichongwe na pistoni ya saizi ya juu iwekwe. Hakuna aliyepima kompresha, yaani nguvu ya injini kubana. Hakuna aliyetoa plagi aitazame.

Nikaisukuma mpaka nyumbani, nikatoa plagi mwenyewe. Ncha ilikuwa kavu na imepauka. Ringi zilizokwisha huvujisha oili, na plagi yake hutoka imelowa, nyeusi, ina utando wa oili. Iliyopauka inasema mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Na kwa nini iwe hivyo mkono wa mafuta ukiwa umefungwa tu? Kwa sababu kabureta hizi zina njia zaidi ya moja ya petroli. Ukifungua kwa wingi, petroli inapita kwenye jeti kubwa, kipande chenye tundu la kupimia petroli. Katikati sindano ndiyo inayopima. Ukiachia, injini inaishi kwa jeti ndogo peke yake. Ugonjwa unaoonekana chini na kupotea juu anwani yake ni hiyo jeti ndogo.

Nikafunga koki, nikafungua bakuli la chini la kabureta. Ndani mlikuwa na ute wa rangi ya chai, mabaki ya petroli iliyokaa muda mrefu bila kutumika. Jeti ndogo ni kipande cha shaba ambacho tundu lake halifiki nusu milimita. Niliielekeza dirishani, sikuona mwanga. Niliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, nikapitisha uzi mmoja wa shaba laini uliotolewa ndani ya waya wa umeme, nikapuliza. Mwanga ukaonekana, kidoti cha duara kabisa. Naomba wasomaji wazingatie ule uzi laini: waya wa chuma unalichubua tundu na kulipanua, na jeti iliyopanuliwa haina tena kipimo kilichoandikwa juu yake. Nilirudisha kila kitu, nikapiga kiki, na silinda ile iliyohukumiwa kuchongwa mpaka leo haijachongwa.

Jambo jingine ambalo sijawahi kuliona katika gazeti lenu ni skrubu. Pikipiki za Kijapani za zamani zimejaa skrubu za msalaba kwenye makava, na watu wanalalamika kwamba zimeoza na hazifunguki. Nyingi hazijaoza. Msalaba wa skrubu hizo umekatwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida, aina ya Phillips, haiketi mpaka chini. Ukikaza mkono inapanda juu na kuruka, na kila ikiruka inakula kingo za msalaba, mpaka linabaki shimo la duara. Baada ya hapo zinakuja patasi na nyundo, na kava linapasuka. Nunua bisibisi ya JIS yenye saizi sahihi. Ikae, uigonge kichwani mara moja mbili kwa nyundo ndogo ili kutu iachie, ndipo ugeuze huku ukisukuma kwa uzito wa mwili. Skrubu nyingine zina kinukta kidogo kando ya msalaba kuonyesha ni za JIS, ila za zamani mara nyingi hazina alama yoyote, kwa hiyo usikisubiri kinukta.

Oili sina mengi: mwaga ikiwa ya moto, safisha chujio la wavu, na soma kopo. Klachi ya pikipiki nyingi za namna hii inaogelea katika oili hiyohiyo ya injini. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano zinaweza kuifanya iteleze, na mwenyewe akadhani bamba za klachi zimekwisha. Tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni. Irudishwe kwenye kopo na ipelekwe inakopokelewa.

Breki nakubaliana na mwandishi wenu kwamba si mahali pa kujaribia. Asiyejiamini ampe anayejua. Lakini kuzitazama ni wajibu wa kila anayepanda. Ngoma nyingi za breki zina mshale kwenye mkono wa breki na alama kwenye bamba. Ukikanyaga na mshale ukafika kwenye alama, bitana, zile pedi zinazosugua ngoma, zimekwisha, huhitaji kufungua gurudumu kulijua hilo. Na ukifungua, tafadhali usipulize lile vumbi. Bitana za breki za miaka ya nyuma mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Linaleta saratani baada ya miaka mingi. Lowesha kitambaa, futa, kitie kwenye mfuko na uufunge. Nimewaona watu wazima wakiweka mdomo karibu na ngoma na kupuliza kwa nguvu huku watoto wamechuchumaa pembeni wakiangalia. Hili peke yake lingetosha kujaza ukurasa wenu.

Kuna kazi ambazo sizigusi. Kuchonga silinda, kubadilisha beringi za kranki, kunyoosha fremu, kuchomelea: hizo zinataka mashine na mkono uliozoea, na mwenye nazo anastahili ujira wake. Lakini hata huko nampelekea chombo nikiwa na karatasi ya vipimo: nafasi ya tapeti niliyoikuta, rangi ya plagi, mlegeo wa cheni, dalili ilianza lini na inatokea mkono wa mafuta ukiwa wapi. Fundi mzuri hufurahi akiiona. Aliyekasirika kwa sababu ya karatasi sikurudi kwake.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Kila juma mnatoa nusu ukurasa kwa pikipiki mpya, rangi zake na kasi yake. Tupeni kisanduku kimoja kwa zile ambazo watu tayari wanazo: aina moja ya pikipiki, nafasi ya tapeti, nafasi ya platini, nafasi ya plagi, kiasi cha oili, mlegeo wa cheni. Namba tano tu, zilizonakiliwa kutoka kitabu cha mtengenezaji na kuhakikiwa na mtu wa pili kabla ya kuchapwa, kwa sababu namba moja iliyokosewa hapo itaunguza valvu za watu. Mkianza na CG125, kitabu changu kipo, na kurasa zenye vipimo nimekwisha kuzipiga picha. Niambieni tu nizilete lini.

Msomaji wenu,
Mama mshonaji