Fremu imemegwa kwa gesi, nani anaangalia?

Mhariri,

Mwaka jana nilipeleka Land Cruiser yangu ya kubeba watalii gereji moja hapa Arusha iinuliwe. Springi zikatolewa chini ya ekseli zikawekwa juu yake, gari likapanda, hata mimi nikajisikia. Shida ikaja kwenye usukani: nikiingia shimoni, fimbo inayotoka boksi ya usukani inagonga fremu, yale mapau ya chuma chini yanayobeba gari zima. Ko! Usukani unagoma mkononi.

Dawa ya fundi? Mtungi wa gesi ya kukatia chuma. Akamega fremu kwa chini, upana wa vidole vinne, pembe kali kama za dirisha, akapaka rangi nyeusi, tukalipana. Miezi minne baadaye, kwenye makunyanzi ya barabara ya kwenda Naabi, lango la Serengeti, nikakuta ufa umeanzia kwenye pembe ileile na kupanda hadi katikati ya fremu. Na nina wageni sita nyuma!

Fundi wa pili, mzee aliyezeekea kwenye Land Rover, alinieleza kwamba mzigo wa fremu hubebwa zaidi na sakafu na dari yake, yaani upande wake wa chini na wa juu. Ukilazimika kumega, mega kwa mviringo, kisha ziba upya kwa bati nene pande zote. Yeye hakumega kitu. Alibadilisha mkono wa boksi ya usukani, ule unaosukuma ile fimbo, akarefusha mipira inayozuia ekseli isipande mno.

Wakaguzi wa magari wanaotudai kizimamoto na pembetatu kila siku, naomba walale na chini ya gari pia. Mkeka nitaleta mimi.

Dereva wa watalii,
Arusha