Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: fundi cherehani wa kijijini naye ana msimu

Mheshimiwa Gavana,

YAH: MIKOPO YA MAFUNDI WA VIJIJINI

Nauza vipuri vya vyerehani hapa Kariakoo. Wateja wangu wengi ni mafundi wa vijijini, hasa wa Lindi na Mtwara, wanaokuja kuchukua sindano, bobini, mikanda na nyuzi. Mwezi Juni mmoja wao, mama ninayemfahamu tangu nifungue duka, hakuja kununua. Alikuja na cherehani chake, akaniomba nimtafutie mteja.

Alikopa Machi kwenye taasisi moja, rejesho kila wiki, kuanzia wiki ya pili. Kijijini kwake pesa huonekana korosho zikiuzwa, kuanzia Oktoba. Hapo watu wanashona nguo za harusi, na Januari sare za shule. Miezi mingine anatia viraka na kubadilisha zipu. Mama huyu hakuwa mzembe, wala hakula mtaji. Alipangiwa marejesho ya muuza genge wa Temeke anayeshika pesa kila jioni. Akauza kuku, akauza bati alizonunua za kuezekea, kikabaki cherehani.

Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 ili mabenki yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Nilifurahi, kwa sababu mkulima akipata, fundi wake hupata. Lakini fundi mwenyewe halimi. Vivyo hivyo mwenye mashine ya kusaga, seremala, fundi baiskeli, mchomelea mageti. Wote wanakula kwa mavuno yaleyale, ila kwenye fomu wanaandikwa wafanyabiashara. Wakikosa benki, wanaangukia kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, ambao riba yao inaruhusiwa kufika asilimia 3.5 kwa mwezi. Zidisha kwa 12: asilimia 42. Na hao ni wenye leseni. Kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wasio na leseni, wana hesabu zao.

VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, wanasaidia, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewatambua. Ila kikundi cha mama huyu hugawana Desemba, na ikifika Machi kisanduku kimebaki na ada tu.

Naomba mambo mawili, Mheshimiwa. Nafuu ile ya riba iwafikie na mafundi wanaotegemea msimu wa mazao, hata kama hawana shamba. Na wakopeshaji waelekezwe kupanga rejesho kwa kufuata pesa inavyoingia kijijini: kidogo wakati wa ukame wa fedha, sehemu kubwa ya deni ilipwe mazao yakishauzwa. Afisa mikopo akikaa siku moja tu kwenye kibaraza cha fundi mwezi Mei, hahitaji kuelezwa zaidi.

Cherehani kile sijakiuza. Wateja wawili wamekiulizia, nimewaambia kina mwenyewe. Nimekifunika kanga nyuma ya duka, kinasubiri Oktoba.

Wako mtiifu,
Muuza vipuri vya vyerehani
Kariakoo, Dar es Salaam