Taa nyekundu zisaidie sauti ya mnara

Mhariri,

Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafariki, baada ya mawasiliano mawili kugongana redioni na agizo la mnara wa kuongozea ndege la kusubiri kufunikwa na mlio. Ndiyo maana naunga mkono majaribio kama yale ya uwanja wa ndege wa Dallas/Fort Worth, Marekani, ya taa nyekundu zilizopachikwa kwenye lami, ambazo huwaka zenyewe mbele ya rubani iwapo kuna chombo njiani. Zikizimika, hiyo si ruhusa ya kuruka. Ruhusa hutolewa na mwongoza ndege tu, na hapo mafunzo yasifanyiwe mzaha. Sisi wa Tanga tunaopanda ndege ndogo kwenda Pemba tunaomba mamlaka husika zitueleze mpango wao.

Msomaji,
Chumbageni, Tanga