Salamu za Mwaka Mpya kutoka Natchez

Ndugu, jamaa na marafiki,

Nawatakia heri ya Mwaka Mpya kutoka Natchez, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, uliojengwa juu ya ukingo mrefu wa udongo unaoutazama mto. Wakazi wake hawafiki 15,000, nao katika siku hizi za mwisho wa Desemba huulizana swali ambalo hata sisi tunalijua: mkesha utafanyika kanisa gani?

Kwetu mkesha ni wa kuuaga mwaka na kumshukuru Mungu. Hapa, katika makanisa ya Wamarekani Weusi, una kumbukumbu nyingine juu yake, kwa sababu usiku wa tarehe 31 Desemba 1862 wazee wao, walio huru na walio utumwani, walikesha wakilisubiri tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, ambalo lilitolewa kesho yake. Watu wa Natchez walizidi kusubiri, kwani mji ulikuwa bado chini ya waasi, na majeshi ya serikali kuu hayakuingia hadi Julai 1863. Pale njia panda, pembeni mwa mji, palikuwa na mojawapo ya masoko makubwa ya watumwa katika majimbo ya kusini, ambako watu waliletwa kutoka Virginia na Maryland, wengine wakitembezwa kwa miguu huku wamefungwa minyororo. Baada ya majeshi hayo kufika, vibanda vya soko vilibomolewa na mbao zake zikajengewa makazi ya askari.

Katika kusubiri huko, simsahau Abdulrahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, katika Guinea ya leo. Aliuzwa hapa mwaka 1788, akatumikishwa miaka 40 katika shamba la Thomas Foster. Siku moja, akiuza mboga sokoni, alikutana na John Cox, daktari ambaye miaka mingi nyuma alikuwa mgonjwa huko Futa Jallon na kutunzwa na baba yake Ibrahima. Cox alimtambua, akataka kumnunua ili amwachilie, Foster akakataa. (Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoisimulia habari hii.) Ibrahima aliachiliwa mwaka 1828, akavuka bahari mwaka uliofuata na kufika Liberia, akafariki miezi michache baadaye kabla hajafika kwao.

Hata hivyo, kutoka mji huohuo alitoka Hiram Revels, mchungaji wa Kimethodisti, ambaye mwaka 1870 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti ya Marekani. Ni miaka saba tu tangu soko lile lifungwe.

Kesho ya mkesha, majirani watapika kunde, zilezile tuzijuazo, ambazo mbegu zake zilivuka bahari kutoka Afrika, wazile pamoja na mboga za majani zinazofanana sana na sukuma wiki na mkate wa mahindi. Wanasema kunde ni bahati na majani ni pesa. Mimi nimealikwa nyumba mbili, na nimeahidi kula kote kuwili.

Heri ya Mwaka Mpya kwenu nyote, na wasalimieni wazee.