Barua kwa dada, juu ya akiba yangu ya uzeeni

Houston, Texas
7 Desemba 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi mzima. Zamu za usiku nimeziacha kama nilivyokwambia. Tangu Februari nafanya siku tatu kwa wiki, na mgongo umeanza kunisamehe.

Juzi kwenye simu uliniuliza jambo nikakujibu kwa kukatiza, na tangu siku hiyo sina raha. Ulisema, "Una akiba ya miaka yote hiyo huko, kwa nini hela ya bati isubiri?" Nakuandikia nikueleze taratibu, maana haya kwa ujumbe wa sauti hayaelezeki.

Akiba yangu iko kwenye mfuko wa kazini uitwao 401(k). Wewe uliyefundisha maisha yako yote utanielewa upesi: mchango wako wa pensheni ulikatwa kwenye mshahara kwanza, ndipo PAYE ikapigwa kwenye kilichobaki. Wangu ndivyo hivyo hivyo. Kwa hiyo zile dola 140,000 hazijalipiwa kodi hata senti moja. Siku nitakapozitoa ndipo serikali ya huku itadai, na itadai kwenye nilichoweka na kwenye faida yake pia. Ndiyo maana ukiniuliza nina kiasi gani nasita. Humo ndani mna fungu ambalo si langu, na ukubwa wa fungu hilo unategemea nitatoa lini.

Iko akaunti nyingine, inaitwa Roth, kwa jina la seneta William Roth wa Delaware. Sheria yake ilipitishwa 1997 na akaunti zikaanza 1998. Humo unaweka pesa iliyokwisha kulipiwa kodi, na ukitimiza masharti ya umri na miaka, unatoa yote pamoja na faida bila kudaiwa tena. Ile ya zamani unaruhusiwa kuihamishia huku, mradi kiasi unachohamisha kihesabiwe kuwa mapato yako ya mwaka huo na ukilipie. Nina miaka 61, kwa hiyo faini ya asilimia 10 ya walio chini ya miaka 59 na nusu hainihusu, na mfuko wetu unamruhusu mtu wa umri wangu kuhamisha hata akiwa bado kazini.

Kazi ikawa kuamua: nilipe leo au uzeeni? Dada, nimekaa na swali hili tangu Septemba. Kila nikirudi kazini navua viatu, naweka chai, natandaza karatasi mezani na kikokotoo (neno hilo najua linavyokuuma tangu wakupigie hesabu ya mafao yako). Kijana mmoja wa ofisi ya ushauri aliniambia nihamishe zote kwa mkupuo. Nilipopiga hesabu nikaona kodi yake ingefika karibu dola 29,000, kwa sababu kadiri mapato ya mwaka yanavyopanda ndivyo ngazi ya kodi inavyopanda: asilimia 12, 22, 24. Sikurudi kwake.

Mwaka huu nitakuwa nimepata dola 34,000. Dola 15,750 za kwanza hazitozwi kodi kwa mtu asiye na mwenzi kama mimi, zinabaki 18,250. Ngazi ya asilimia 12 inaishia 48,475. Pana nafasi ya kuhamisha dola 30,000 hivi bila kuvuka ngazi hiyo, na hizo nitazilipia dola 3,600. Nilipokuwa nafanya zamu mbili nafasi hiyo haikuwepo, na sijui kama nitaipata tena.

Nikiziacha zote zilipo, nikifika miaka 75 sheria itanilazimisha kutoa kiasi kila mwaka, nitake nisitake. Tena kila ninachotoa huko kinahesabiwa wanapoangalia kama pensheni yangu ya serikali, Social Security, nayo itozwe kodi. Hadi asilimia 85 yake inaweza kutozwa. Kinachotoka Roth kwa masharti yake hakihesabiwi.

Lakini sihamishi zote, hata kidogo kidogo. Nimechukua uraia wa huku, kwa hiyo hata nikirudi Tanga nitaendelea kujaza fomu za IRS, watoza kodi wa huku, na kile kiwango kisichotozwa kitaendelea kuwa changu. Nikiishi kwa mapato madogo, nitatoa kidogo kidogo kwenye ile ya zamani na pengine nisilipe chochote. Kulipa asilimia 12 leo kwa pesa ambayo kesho ingetoka bure ni hasara.

Jambo lililonifanya nikate shauri ni binti yako. Yeye ndiye mrithi niliyemwandika. Marekani na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo ile ya zamani ikimfikia mtu aliyeko nje asiye raia wa huku, kwa kawaida hukatwa asilimia 30 kabla hajaishika, na anatakiwa aimalize ndani ya miaka 10. Ya Roth, ikishatimiza miaka mitano, haidaiwi kodi ya huku. Miaka hiyo inahesabiwa tangu tarehe 1 Januari ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo nikihamisha kabla ya tarehe 31 mwezi huu, mwaka mzima umeshaingia. Na tangu 2018 ukishahamisha hakuna kurudisha, ndiyo maana nimepiga hesabu mara tatu.

Hiyo kodi lazima niitoe benki, kwenye fedha zilezile nilizoweka za bati. Nikiikata humo humo kwenye akiba, nitakuwa nimeipunguza bila sababu. Nisamehe dada. Chumba cha Mama hakisubiri: Ijumaa natuma hela ya kukiezeka, mwambie fundi aanze juu ya kitanda pale panapovuja, na abadilishe mbao zilizooza. Hela ya upande wa uani nitaituma Februari, masika hayajaingia.

Naomba unipigie picha cheti cha kuzaliwa cha binti yako. Kwenye fomu niliandika jina la babu, na pasipoti yake nakumbuka ina jina jingine. Nataka yalingane.

Mbusie Mama mkono.

Mdogo wako